Kuuvua Upinde Rangi ya Zamani



Ziko nyumba nyingi Usukumani, Unyamwezini, Ukambani na kwingineko ambako nyuma ya mlango wa chumba cha mzee, au juu ukutani sebuleni, kuna upinde. Huenda ni wa babu aliyewinda kabla Kenya haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Huenda ni wa baba aliyesimama na Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati vijiji vya Shinyanga na Tabora vilipochoka kuibiwa ng'ombe na wanaume wakatoka usiku na pinde zao kulinda mali. Upinde ukaisha kazi, ukapanda ukutani. Kisha siku moja mtu akabakiwa na rangi ya mafuta aliyopakia mlango, akaona isiharibike bure, akaupaka na upinde. Ukawa mweusi ti, au kahawia ya kung'aa, pengine na mistari miwili mitatu myekundu juu yake.

Sasa mjukuu amekua. Anataka kuitoa rangi ile auone mti wenyewe, aupake kitu chenye heshima, na ikiwezekana auvute tena. Mazungumzo yetu ya leo ni ya huyo mjukuu, awe wa kiume au wa kike. Namwambia hivi: mwanangu, weka msasa chini kwanza. Kazi uliyoishika si ya kupendezesha mbao. Ni kazi ya kuufahamu upinde kabla hujauamini.

Nitaeleza kwa nini. Meza ukiikwaruza juu, inabaki meza. Chakula kitaandaliwa kama kawaida. Upinde haufanyi hivyo, kwa sababu uso wake ndio unaofanya kazi. Una pande mbili. Upande unaoelekea shabaha huitwa mgongo, na ule unaokutazama wewe mvutaji ni tumbo. Ukivuta ugwe, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Mahali fulani katikati ya unene wa mti nyuzi hazivutwi wala hazibanwi. Lakini kadiri unavyotoka katikati kwenda nje ndivyo mzigo unavyoongezeka, na ukifika kwenye ngozi kabisa, pale pale rangi iliposhika, ndipo panapobeba mzigo mkubwa kuliko kote. Kwa hiyo mtu anayekwangua rangi kwa pupa anakwangua zile nyuzi hasa zinazouzuia upinde usivunjike usoni mwake.

Liko na jambo la unene. Ukakamavu wa mti unaopindwa hufuata kipeo cha tatu cha unene wake. Tuseme mkono wa upinde una unene wa milimita 15, nawe kwa bidii ya msasa ukauacha na milimita 14. Unene umepungua kwa chini ya asilimia 7. Ukakamavu umepungua kwa karibu asilimia 19. Na kwa kuwa hakuna binadamu anayepiga msasa sawasawa pande zote, mkono mmoja utalegea kuliko mwenzake, upinde utapinda upande, na ule uliolegea utabeba mzigo usioumudu. Fundi aliyeuchonga alikaa nao siku nyingi akitoa unyoya mmoja mmoja wa mti hadi mikono yote miwili ikapinda sawa. Hatukupewa ruhusa ya kuufuta ulinganifu huo mchana mmoja.

Kabla ya kugusa chochote, jiulize swali ambalo wengi hulipita: rangi hii aliipaka nani, na kwa nini? Si kila rangi ni uchafu. Pinde za Kijapani hupakwa utomvu mweusi au mwekundu uitwao urushi na kuzungushiwa nyuzi za henzirani, na vitu hivyo viwili ni sehemu ya kazi yenyewe, kwa sababu huuzuia unyevu usiifungue gundi ya ndani. Pinde za Waturuki wa dola ya Osmani, zilizoungwa kwa mti, pembe na mishipa ya wanyama, zilipambwa kwa rangi na dhahabu, na nyingi hubeba jina la fundi na mwaka wa kutengenezwa. Mtu akiuvua upinde kama huo rangi yake, amefuta sahihi ya aliyeutengeneza. Na kwetu pia angalia. Kama michoro iliyopo ni ya mzee mwenyewe, alama ya ukoo au ya kundi lake la ulinzi, iache. Futa vumbi kwa tambara lenye unyevu kidogo, kausha, utundike. Wahifadhi wa makumbusho hufanya hivyo hivyo. Hawauvui upinde nguo aliyouvika mwenyewe.

Ila rangi ya mlango ni rangi ya mlango. Hiyo tuitoe, kwa sababu ina madhara mawili. La kwanza, tabaka nene lililo gumu huongeza uzito kwenye ncha, na ncha nzito hurudi polepole, mshale nao ukatoka umechoka. La pili ni baya zaidi: rangi inaficha. Upinde unaweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele mgongoni, nawe usiuone mpaka siku utakapouvuta. Mimi nasema hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuuvua rangi, hata kama huna nia ya kurusha mshale maishani mwako.

Sasa tuingie kazini. Kama pamoja na upinde kuna podo lenye mishale ya zamani, acha mishale. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu najua mtu akishaanza kusafisha huwa anataka kusafisha vyote. Wawaata wa nyika ya Tsavo, Wagiriama na Wakamba walichemsha sumu ya mishale kutoka mti ambao wataalamu huuita Acokanthera. Ndani yake mna kitu kiitwacho ouabaini, ambacho kikiingia kwenye damu hushika moyo. Wawaata waliua tembo kwa sumu hiyo, wakitumia pinde zenye nguvu sana, za kulinganishwa na pinde ndefu za Waingereza wa kale. Sumu hiyo inaweza kubaki kali kwa miaka, hasa ikiwa imezungushiwa kipande cha ngozi kuihifadhi, kama walivyofanya wenyewe. Kichwa cha mshale chenye gamba jeusi kisipigwe msasa, kisikwanguliwe, watoto wasikishike. Kifunge, kiweke mbali, au wasiliana na makumbusho.

Baada ya hapo, umri wa rangi. Rangi za zamani zilitiwa risasi ile ya madini ili ziwe nzito, zing'ae na zikauke upesi. Marekani waliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978, lakini katika nchi nyingi iliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kilicho salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa huwaathiri ubongo. Hatari yake kubwa iko kwenye vumbi. Rangi ikiwa imetulia ukutani haimsumbui mtu, ila ukiipiga msasa mkavu umeigeuza unga unaoingia puani na kutua kwenye sahani. Kama hujui rangi hiyo ni ya lini, ichukulie kuwa ina risasi. Fanya kazi nje, tandaza karatasi ya nailoni chini, vaa barakoa ya maana na si kitambaa tu, lowesha unapokwangua, kisha kusanya mabaki yote uyafunge. Na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nepi za mtoto.

Njia zipi za kuitoa? Nianze na nisizozitaka.

Sitaki moto. Wachomaji wa rangi za milango hutumia taa ya gesi, rangi inavimba, wanaikwangua laini. Mlango hauvutwi na ugwe. Upinde ukipashwa moto ngozi yake inakauka kupita kiasi na kuwa nyepesi kuvunjika, na kama umeungwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama, gundi hiyo hulainika kwa joto lisilo kubwa. Utaisikia siku ya kuuvuta.

Sitaki kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Inatoa rangi kweli, tena haraka, lakini inakula na nyuzi za mti, inazivimbisha na kuzilegeza, na miti mingine huigeuza rangi ikawa nyeusi yenye mabaka.

Ipo dawa ya madukani ya kutolea rangi. Zile za zamani zilikuwa na kemikali iitwayo methilini kloraidi. Ilikuwa hodari mno. Ilikuwa pia inaua. Marekani walizuia isiuzwe kwa watu wa kawaida mwaka 2019, kisha mwaka 2024 wakabana zaidi hata matumizi ya viwandani, baada ya vifo vya watu walioitumia kwenye vyumba visivyo na hewa. Kopo kuukuu la dawa kama hiyo likiwa stoo, lisitumike. Nyingine mpya, zisizo na kemikali hiyo, hufanya kazi polepole na hazina ubaya kwa upinde wa mti mmoja, mradi usiulowanishe ukaacha dawa inywewe na mti. Lakini upinde wenye tabaka zilizogundishwa, au ule wenye faiba usoni, usiuguse kwa dawa yoyote. Dawa inayolegeza rangi inaweza kulegeza na gundi, na huwezi kuona kinachotokea ndani.

Kinachobaki ni mkono, na mkono unatosha. Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha maseremala wetu wa zamani: kigae cha chupa. Vunja chupa ndani ya gunia, chagua kipande chenye ukingo ulionyooka, kifunge kitambaa unaposhika. Au tumia bamba la chuma lililonolewa, la kukwangulia mbao. Vyote viwili vina fadhila moja ambayo msasa hauna: unahisi kwa vidole wakati rangi inapoisha na mti unapoanza. Rangi hutoka kama magamba na vumbi. Mti ukiguswa hutoa unyoya mwembamba uliojikunja. Ukiona unyoya, umefika, nyanyua mkono. Msasa hausemi kitu. Unakula rangi na mti kwa mwendo mmoja, nawe unagundua umeshapita.

Kwangua kwa kufuata urefu wa nyuzi, kamwe usikate kwa kukingama. Anza na tumbo, ujifunze tabia ya rangi hiyo pale, kwa maana tumbo hustahimili kidogo makosa madogo. Mgongoni punguza nguvu kwa nusu. Tumia ukingo butu, na mahali panapong'ang'ania lowesha kwa spiriti usugue kwa tambara, urudie na urudie. Pinde zilizochongwa kwa miti ya nchi za baridi huwa na pete za mwaka zinazoonekana, na sheria ya mafundi wa huko ni kwamba pete moja iende mgongoni kutoka ncha hadi ncha bila kukatwa. Miti yetu ya nchi za joto mara nyingi haina pete za kuonekana vizuri. Hapo kiongozi wako ni nyuzi zenyewe: zikipanda kwenye fundo nawe panda, zikishuka shuka nazo. Fundo lililoachwa limevimba mgongoni fundi hakulisahau. Aliliacha kwa makusudi, nyuzi zilizunguke bila kukatika. Ukilisawazisha lipendeze, umezikata.

Kama rangi imejificha kwenye vinyweleo vya mti na haitoki, iache. Nasema iache. Madoa machache ya rangi mgongoni hayajawahi kuvunja upinde. Tamaa ya kuutaka uwe safi kabisa imevunja nyingi.

Nitaongeza onyo dogo kuhusu stilwaya, ile ya kusugulia masufuria. Ni nzuri kwa kumalizia, lakini vipande vyake vidogo hubaki kwenye mti, na siku unyevu ukiingia hufanya madoa meusi. Ukiitumia, futa vizuri, upitishe na sumaku kama unayo.

Sasa rangi imetoka na upinde uko mbele yako. Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu, msikilizaji, kuliko pengine popote katika kazi hii. Utoe nje kwenye jua la asubuhi, lile linalopiga kwa ubavu, uugeuze taratibu. Paka spiriti kidogo mgongoni kwa tambara. Spiriti hukauka haraka usoni, lakini mahali penye ufa huchelewa kukauka, na ufa hubaki kama mstari mweusi kwa dakika moja hivi. Kisha chukua pamba kavu, uipitishe juu ya mgongo wote, kwenda na kurudi. Nyuzi iliyonyanyuka itanasa pamba hata kama jicho halikuiona.

Ufa unaokwenda na urefu wa nyuzi, mfupi, ambao haukimbilii ubavuni, mara nyingi ni wa kukauka tu na hauna hatari kubwa. Ufa unaokatiza mgongo kwa kukingama ni habari nyingine. Upinde huo umestaafu. Usiutie gundi ukadhani umepona, usiufunge uzi ukadhani umepona. Usiuvute tena. Upake mafuta, utundike, uuheshimu. Tumboni nako tafuta mikunjo midogo, mistari mifinyu inayokingama, kama ngozi ya kiwiko. Ni mahali nyuzi zilipobanwa zikashindwa. Mikunjo michache upinde huweza kuishi nayo. Ikizidi, au ikikusanyika mahali pamoja, mkono utaanza kupinda hapo tu, na mwisho wake unajulikana.

Kama umeokoka ukaguzi huo, upumzishe. Mti uliokuwa umefunikwa rangi kwa miaka sasa unavuta hewa upya, na unyevu wake utabadilika. Ni jambo linalopimika. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, mbao hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 9, kiwango ambacho watengenezaji wengi wa pinde wanakipenda. Hewa ikifika asilimia 80, kama ilivyo Dar es Salaam, Tanga au Mombasa siku nyingi za mwaka, mbao hupanda hadi asilimia 15 au 16. Hapo upinde huwa mzito, mvivu, na ukiachwa umefungwa ugwe hubaki umepinda. Na bara, kiangazi, hewa ikishuka hadi asilimia 30, mti hushuka kwenye asilimia 6, ukawa mwepesi kuvunjika. Ndiyo maana upinde wa Singida ukiletwa pwani hubadilika tabia, na wa pwani ukipelekwa bara hubadilika vilevile. Uache siku kadhaa kivulini, penye upepo, umelala juu ya misumari miwili au mitatu, bila ugwe. Usiuegemeze kona ya ukuta ukisimama kwa ncha moja.

Tukifika kwenye kupaka, kanuni yangu ni kwamba kitakachopakwa kiuache mti uonekane, kiwe chembamba, na kiweze kupinda pamoja na upinde. Rangi ya mafuta inafeli kwenye sharti la kwanza na la pili. Kwa hiyo usiirudishe, hata iwe ya bei gani.

Wahadza wa Ziwa Eyasi, ambao kwao upinde bado ni chombo cha kila siku, hupaka mafuta ya wanyama. Na Mwingereza Roger Ascham, ambaye baadaye alimfundisha Elizabeth aliyekuja kuwa malkia, aliandika mwaka 1545 kitabu cha upigaji mishale kiitwacho Toxophilus. Humo aliwashauri watu wausugue upinde kila siku kwa kitambaa cha sufu chenye nta hadi ung'ae. Mwaka huo huo ndipo meli ya kivita Mary Rose ilipozama karibu na Portsmouth, na ilipoopolewa karne nne baadaye, kazi iliyofikia kilele mwaka 1982, zilipatikana ndani yake pinde nzima zaidi ya 130. Zilikuwa zimechongwa kwa mti uitwao yuu, nje mgongoni kuna mti mweupe unaovutika, ndani tumboni kuna moyo wa mti unaostahimili kubanwa. Wawindaji wa Eyasi na wapiga mishale wa Uingereza hawakuwahi kuonana. Wote walifikia jambo moja: upinde unataka kusuguliwa mara kwa mara kwa kitu cha mafuta, na mkono unaosugua ndio unaogundua ufa mapema.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mafuta ya kitani, yale yanayouzwa kwenye maduka ya rangi kwa jina la linsidi, na nta ya nyuki juu yake. Kuna mabichi na kuna yaliyotiwa dawa ya kukausha, ambayo kopo lake huandikwa kuwa yamechemshwa. Chukua ya pili. Mabichi hukauka kwa siku nyingi mno, na pwani huweza kunata wiki nzima. Mimina matone kwenye tambara, usimimine kwenye upinde. Sugua hadi kiganja kipate joto. Subiri robo saa, kisha futa yote yaliyobaki juu. Wengi hukosea hapo kwa kuona mafuta yakiwa mengi ndiyo bora. Yanayobaki juu hugeuka gundi inayonasa vumbi. Acha usiku mmoja au miwili, rudia. Mara tatu au nne kwa upinde mkavu. Mwisho nta, kidogo, isuguliwe hadi mng'ao wa chini upatikane.

Kwa wakaao pwani, mafuta peke yake hayazuii unyevu vya kutosha. Hapo vanishi nyembamba inaruhusiwa, ila isiwe ile ngumu ya sakafu. Tafuta ya vyombo vya baharini, iliyotengenezwa kwa ajili ya milingoti. Mlingoti hupinda na upepo, kwa hiyo vanishi yake nayo hutengenezwa iweze kunyumbulika, wakati ya sakafu ikipindwa hupasuka. Tabaka mbili nyembamba, zikipigwa msasa laini kabisa katikati. Najua wapo watakaosema mafundi wa majahazi wetu hupaka mbao sifa, mafuta ya papa, na zinadumu. Ni kweli, na harufu yake inatosha kwenye jahazi. Sebuleni sishauri.

Na lile ganda la korosho la Mtwara na Lindi? Mafuta yake meusi yanajulikana kwa kuzuia wadudu kwenye mbao, na ajabu ni kwamba mkorosho ni jamaa wa ule mti wa Kijapani unaotoa urushi. Wote wawili utomvu wao huunguza ngozi kwa sababu za kemikali zinazofanana. Kwa kitu kitakachoshikwa kwa kiganja, mafuta hayo yaache.

Upinde ukishakauka, usiuvute hadi sikioni siku ya kwanza. Funga ugwe, uache dakika chache, utazame kama mikono yote miwili imepinda sawa. Vuta kiganja kimoja, rudisha. Kesho vuta zaidi kidogo. Na kosa moja lisilosamehewa hata na upinde mpya: kuvuta ugwe na kuuachia bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale hukosa pa kwenda, ikarudi kwenye mti wenyewe. Upinde wa miaka 40 hautavumilia. Na aliye Kenya, au karibu na hifadhi popote, akumbuke sheria za wanyamapori: gunia la majani makavu ndilo shabaha yako.

Nimalizie na jambo ambalo halihusu upinde bali nyumba yako. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuvukiza kama maji. Hukauka kwa kunyonya oksijeni, na wakati huo hutoa joto. Kwenye upinde joto hilo hupotea hewani. Kwenye tambara lililokunjwa na kutupwa pembeni, joto hukusanyika ndani hadi tambara likawaka lenyewe, bila kiberiti, saa kadhaa baada ya wewe kwenda kulala. Tarehe 23 Februari 1991, huko Philadelphia, Marekani, matambara yenye mafuta hayo yaliachwa kwenye ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza, lenye ghorofa 38. Yaliwaka usiku. Wazima moto watatu walikufa, na jengo lile halikutumika tena hadi lilipobomolewa.

Nakuomba basi, msikilizaji: ukimaliza kuupaka upinde wa mzee wako, kabla hata hujanawa mikono, yachukue matambara uliyotumia, yakunjue, yatandaze moja moja nje, juu ya mawe au kwenye kamba iliyo mbali na ukuta na mbali na watoto, au yazamishe kwenye ndoo ya maji. Yakishakauka na kuwa magumu ndipo uyatupe.